Mwamba ngoma huvutia kwake: mtu wa chama akikalia kiti cha Mahakama ya Juu ya Marekani

Wengi waliofuatilia ile siku nadhani bado wanaikumbuka. Ni 27 Septemba 2018, Brett Kavanaugh, aliyependekezwa na rais Trump kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, amekaa mbele ya kamati ya sheria ya Seneti ya Marekani, kajaa hasira, sauti inapanda, machozi yanamlenga, anajitetea dhidi ya Christine Blasey Ford aliyemtuhumu kwamba alimshambulia kingono walipokuwa vijana, tuhuma ambazo yeye alizikana zote. Tuhuma zenyewe sizigusi hapa, zina uzito wake na zinataka makala yake. Mi nimebaki na kile kipande cha hotuba, na alisema hotuba kaiandika mwenyewe, pale alipodai kwamba hii yote ni njama ya kisiasa iliyopangwa, ni hasira za watu wasiokubali kwamba Trump alishinda 2016, ni kisasi kwa niaba ya kina Clinton, ni mamilioni ya pesa za makundi ya mrengo wa kushoto. Siku tisa baadaye Seneti ikampitisha kwa kura 50 kwa 48, akaapishwa, na kiti alichokalia hakina muhula, unakikalia mpaka ufe au ustaafu kwa hiari yako, labda Bunge likung'oe, jambo ambalo kwa jaji wa mahakama ile halijawahi kufanikiwa.

Sasa swali ndo hilo. Mtu aliyewataja wapinzani wake wa kisiasa hadharani, kamera zote zinamwangalia, tena akiwa anaomba kazi ya ujaji, anaweza kweli kuwakalia kesi haohao akawapa haki yao sawasawa na mwingine yeyote?

Watu wengi wanajibu haraka, na ukisikia jibu lao unajua wako kambi gani. Mi nimelifikiria kwa muda na ninachokiona ni kwamba mtu wa chama anaweza kuwa jaji wa haki, mahakama hiyohiyo ina mifano ya kutosha, ila zipo kesi ambazo hatakiwi kuzishika, na ubovu mkubwa wa mahakama ile ni kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia hii usiishike.

Tuanze na yeye. Kabla ya ujaji Kavanaugh alikuwa mtu wa Republican kindakindaki. Miaka ya 90 alikuwa kwenye timu ya Kenneth Starr iliyomchunguza Bill Clinton. Mwaka 2000 kura za Florida zilipogombaniwa kati ya Bush na Gore, yeye alikuwa na mawakili wa Bush. Afu akaingia ikulu ya Bush, akapanda mpaka akawa yule ofisa ambaye karatasi zote zinazokwenda mezani kwa rais zinapitia kwake kwanza. Bush akampendekeza mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 2003, Wademokrati wakalalamika kwamba huyu ni kada zaidi ya mwanasheria, jina likakwama karibu miaka mitatu mpaka 2006 akapita kwa 57 kwa 36. Kwa hiyo 2018 hakuna aliyeshtuka kusikia ana chama.

Na kuwa na chama peke yake si kosa, hili lazima lisemwe wazi maana kuna watu wanaongea kana kwamba majaji wa zamani walishuka kutoka mawinguni. John Marshall, anayehesabiwa kuwa jaji mkuu mkubwa kuliko wote waliowahi kukaa pale, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa rais John Adams, na Adams alimpa ujaji mkuu mwezi Januari 1801 akiwa ameshashindwa uchaguzi na anajiandaa kuondoka. Kazi mojawapo ya Marshall kama waziri ilikuwa kuhakikisha barua za uteuzi zinawafikia wenyewe. Nyingine hazikufika. William Marbury, ambaye barua yake ilibaki ofisini, akaenda mahakamani, na aliyekuwa amekaa katikati ya meza ya majaji ni Marshall huyohuyo ambaye ofisi yake ilishindwa kupeleka barua! Kwa viwango vya leo alitakiwa ajitoe asubuhi mapema. Hakujitoa, akaandika uamuzi wa 1803 ambao mpaka leo ndo msingi wa mahakama za Marekani kuweza kuifuta sheria inayopingana na katiba, na katika uamuzi huo Marbury, mtu wa kambi yake mwenyewe, hakuipata barua yake.

Hugo Black je? Seneta wa Alabama, mtu wa Roosevelt damudamu, aliingia 1937 kwa kura 63 kwa 16, na muda mfupi tu baadaye magazeti yakatoa ushahidi kwamba alishawahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, ikabidi aongee redioni kujieleza. Ungemuuliza mtu mweusi yeyote wa wakati ule kama atapata haki kwa jaji huyu angekuona umechanganyikiwa. Lakini Februari 1940 Black ndiye aliyeandika uamuzi wa mahakama nzima uliowaokoa vijana wanne weusi wa Florida waliohukumiwa kifo kwa maungamo waliyokamuliwa na polisi baada ya kuhojiwa siku kadhaa mfululizo, na 1954 alikuwa mmoja wa tisa waliosema ubaguzi kwenye shule za umma ni kinyume cha katiba. Sisemi aligeuka malaika, mwaka 1944 huyohuyo aliandika uamuzi uliobariki kuhamishwa kwa nguvu Wamarekani wenye asili ya Japani. Ninachosema ni kwamba kadi ya mtu haikupi hukumu yake yote.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni Salmon Chase. Huyu alikuwa waziri wa fedha wa Lincoln wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali ilipoishiwa dhahabu ikatoa noti za karatasi ambazo kila mtu alilazimika kuzipokea kama malipo, na kwenye noti ya dola 1 ya 1862 picha iliyochapwa ilikuwa ya Chase mwenyewe. Lincoln akamfanya jaji mkuu 1864. Februari 1870 kesi ya noti hizo ikafika kwake, na Chase akaamua kwamba kuwalazimisha watu wazipokee kwa madeni yaliyokuwepo kabla ya sheria ile ni kinyume cha katiba. Yaani mtu aliikataa noti yenye sura yake! Halafu angalia kilichofuata, maana na chenyewe ni sehemu ya somo: siku ileile ya uamuzi rais Grant akapeleka Seneti majina ya majaji wawili wapya, na mwaka uliofuata wale wawili wakakaa upande wa noti, uamuzi wa Chase ukageuzwa 5 kwa 4. Jaji mmoja aliweza kuamua dhidi ya kazi ya mikono yake, lakini waliogeuza mambo ni wale waliochagua nani akae kitini.

Historia hiyohiyo ina upande wake mchungu. Uchaguzi wa 1876 kati ya Hayes na Tilden ulipokwama, Bunge liliunda tume ya watu 15, maseneta watano, wawakilishi watano na majaji watano wa Mahakama ya Juu, na majaji waliwekwa pale makusudi kwa imani kwamba wao watakuwa juu ya siasa. Kila kura ya maana iliisha 8 kwa 7, Warepublican huku, Wademokrati kule, majaji wamo humohumo na vyama vyao. Hayes, mtu wa Republican, akawa rais. Karibu miaka mia baadaye kuna Abe Fortas, rafiki na wakili wa rais Lyndon Johnson, ambaye hata baada ya kuvaa joho 1965 aliendelea kumshauri Johnson mambo ya ikulu, na hilo ni moja ya mambo yaliyomkwamisha Johnson alipotaka kumpandisha kuwa jaji mkuu 1968. Mwaka uliofuata Fortas alijiuzulu kabisa kwa ishu nyingine, ya pesa.

Kwanini basi Chase aliweza na wale majaji wa tume ya Hayes na Tilden wakashindwa? Mimi naona tofauti haiko kwenye ukali wa uchama. Tunaposema jaji ana chama tunachanganya vitu ambavyo havifanani kabisa. Kuna mtu aliyewahi kufanya kazi ya chama, hiyo ni historia yake, inaweza kupoa. Kuna mtu ambaye bado kuna watu wanamdai fadhila. Na kuna mtu mwenye kinyongo, huyu ni wa tatu na ndiye ninayemwogopa zaidi, maana historia inazeeka na fadhila zinalipwa zinaisha, ila mtu aliyeaibishwa mbele ya mke wake na watoto wake na dunia nzima, awe na haki ya kukasirika au asiwe nayo, hilo jambo linakaa naye. Chase hakuwa na kisasi na noti zake. Kavanaugh alituambia mwenyewe, kwa mdomo wake, nani kamfanyia nini.

Tarehe 4 Oktoba 2018 aliandika makala gazetini akasema yeye ni jaji huru asiyependelea, akakiri kwamba alisema baadhi ya mambo ambayo hakutakiwa kuyasema. Namwamini kwamba alijuta. Wala simuoni kama mtu mbaya kwa kukasirika, mi sijui ningefanyaje. Lakini majuto hayafuti kitu kilichosemwa kwa sababu suala halijawahi kuwa tabia yake njema, suala ni yule atakayeingia mahakamani kesho akiwa wakili wa mojawapo ya makundi hayo ya mrengo wa kushoto, na makundi ya namna hiyo yapo mahakamani pale kila msimu, haki za kupiga kura, haki za wafanyakazi, mazingira, utoaji mimba. Huyo wakili anamwangalia jaji akijua jaji alishamuweka kwenye orodha.

John Paul Stevens aliliona hilo. Jaji mstaafu, umri miaka 98 wakati ule, Republican aliyeteuliwa na rais Gerald Ford 1975 na kupita 98 kwa 0, na awali alikuwa akimsifia Kavanaugh. Baada ya kile kikao alibadilisha mawazo akasema hadharani hafai, na sababu yake ilikuwa ya kiufundi kabisa, kwamba ameonyesha upendeleo dhidi ya watu wengi mno wanaoweza kuja mbele yake kiasi kwamba hataweza kuifanya kazi yote. Wahadhiri wa sheria zaidi ya 2,400 walisaini barua yenye hoja inayofanana na hiyo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo ni nzito na sitaki kuipita juujuu. Wanasema ukikubali kwamba jaji aliyeshambuliwa hafai tena kwa sababu ameshambuliwa, basi umewapa wapinzani silaha, kila wasiyemtaka watamshambulia mpaka alie halafu waseme mnaona, ana hasira huyu. Ni kweli. Hata Clarence Thomas 1991 alipita 52 kwa 48 baada ya kikao kichungu cha tuhuma alizozikana, naye alimaliza akiwa na ghadhabu. Jibu langu ni kwamba kushambuliwa hakumharibu jaji, kinachomharibu ni kuamua kwamba nusu ya nchi ndo iliyomshambulia. Angeweza kujitetea kwa ukali wote alioutaka dhidi ya tuhuma zenyewe bila kugusa uchaguzi wa 2016 wala jina la Clinton. Alikuwa jaji miaka 12 tayari, anajua neno la jaji lina uzito gani.

Na mizani iwe moja. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa mahakama hiyohiyo na kipenzi cha Wademokrati, Julai 2016 alimsema vibaya mgombea Trump kwenye mahojiano, akasema anajuta baada ya siku chache, halafu akaendelea kukaa kwenye kesi za Trump. Hiyo nayo haikuwa sawa, waliomkosoa walikuwa na haki ya kumkosoa, na anayemsema Kavanaugh huku akimnyamazia Ginsburg hatafuti haki, anatafuta majaji wake.

Tukija kwenye kazi yenyewe aliyoifanya tangu aingie, picha ni ya kuchanganya na ndo maana inanivutia. Desemba 2020 Texas ilipoenda kuomba kura za majimbo manne ziwekwe pembeni ili Trump abaki, mahakama iliitupa kesi, na hakuna hata mmoja wa majaji watatu wa Trump aliyejitokeza kumtetea. Mwaka 2023 kwenye kesi ya ramani ya uchaguzi ya Alabama, Kavanaugh aliungana na jaji mkuu John Roberts na wale watatu walioteuliwa na Wademokrati, 5 kwa 4, ramani iliyowapunja wapiga kura weusi ikakataliwa, na iliyochorwa na Warepublican wenzake. Anayesema huyu ni mhuri wa chama tu hajasoma.

Lakini rudi nyuma kidogo, 2019, kesi ya vyama kuchora mipaka ya majimbo ili vijipendelee. Ilikuwa na ramani ya Warepublican wa North Carolina na ya Wademokrati wa Maryland, na mahakama ikasema mahakama za shirikisho hazina la kufanya hapo, 5 kwa 4, watano wote wa marais wa Republican, wanne wote wa marais wa Democrat, Kavanaugh yumo kwenye watano. Halafu 1 Julai 2024, kinga ya rais aliyestaafu dhidi ya mashtaka, 6 kwa 3, mstari uleule. Linganisha na 24 Julai 1974 mahakama ilipomwamuru rais Nixon atoe kanda za mazungumzo yake ya ikulu kwenye kashfa ya Watergate, 8 kwa 0, na watatu kati ya wanane walikuwa wameteuliwa na Nixon mwenyewe. Au 1997, kesi ya madai ya Paula Jones dhidi ya Clinton akiwa bado rais, mahakama ikasema iendelee, 9 kwa 0, Ginsburg na Breyer wa Clinton wamo.

Ndo maana nimeweka ile methali juu. Mwamba ngoma haichani ngozi ya ngoma, anaivuta tu kidogo kwake, na mkono wake wala hausikii kama unavuta. Kesi ambayo sheria iko wazi na chama kimesimama uchi mbele ya watu, kama ile ya Texas, jaji wa chama anaikataa bila shida maana anajua atakumbukwa kwa hiyo. Hatari iko kwenye zile ambazo sheria imeacha nafasi, nani achore mipaka, pesa kiasi gani ziingie kwenye kampeni, rais anaguswa au haguswi, kesi ambazo mtu mwenye akili anaweza kuandika kurasa mia upande wowote na zote zikasomeka vizuri. Pale hakuna kitu cha kumshika mkono isipokuwa maisha yake. Kavanaugh aliyemwandama Clinton akiwa na Starr ndiye aliyeandika kwenye jarida la sheria 2009, baada ya kutoka ikulu ya Bush, kwamba ingefaa Bunge lipitishe sheria ya kumpumzisha rais aliyeko madarakani na kesi na uchunguzi wa jinai. Kumbuka rais wakati huo alikuwa Obama, kwa hiyo siwezi kusema alikuwa anamtengenezea njia mtu wa chama chake. Alikuwa mkweli. Alieleza kwamba kukaa ikulu kulimbadilisha mtazamo. Na hapo ndo pa kuangalia, alikokaa kulimvuta, kwa nia njema kabisa.

Zamani kulikuwa na kitu kilichopunguza hilo, majaji walikuwa wanashangaza. Eisenhower alimweka Earl Warren, gavana wa Republican aliyegombea umakamu wa rais 1948, akapata mahakama ya kiliberali kuliko zote. Bush mkubwa alimweka David Souter 1990, akaishia kupiga kura na waliberali, na kwenye kura ya majaji mwaka 2000 iliyompa Bush mdogo urais, 5 kwa 4, Souter na Stevens, wote wa marais wa Republican, walikuwa upande uliopinga. Baada ya Souter kambi ya kihafidhina ikaapa hakuna Souter mwingine, na kweli, walioteuliwa wanachujwa tangu wakiwa vijana, wanajulikana wamesoma na nani wamefanya kazi na nani. Wademokrati nao wanachuja. Tangu Stevens astaafu 2010 kambi za majaji zinafuata chama cha rais aliyewateua, wote, bila mmoja kupotea njia. Seneti nayo imefuata, Scalia 1986 alipita 98 kwa 0, Ginsburg 1993 akapata 96 kwa 3, sa hivi ni 52 kwa 48, 53 kwa 47. Jaji mkuu Roberts alisema Novemba 2018 kwamba hakuna majaji wa Obama wala majaji wa Trump. Natamani ingekuwa hivyo.

Kwa hiyo tusimuulize mtu kama atakuwa wa haki, kila mmoja ataapa kwamba ndiyo na wengi wataapa kwa moyo safi. Mahakama hiyohiyo ilishalisema vizuri mwaka 2009, kwenye kesi ya jaji wa West Virginia aliyesaidiwa na bosi wa kampuni ya makaa ya mawe, karibu dola milioni 3, kushinda uchaguzi wa ujaji, halafu akaisikiliza kesi ya kampuni hiyohiyo. Wakasema hatuchunguzi moyo wake, tunaangalia hali ilivyo, na kwa hali hii alitakiwa ajitoe. Safi kabisa! Ila kanuni hiyo wanaipeleka kwa majaji wa chini. Kwao wenyewe kuna sheria inayosema jaji ajitoe pale ambapo mtu mwenye busara angetilia shaka haki yake, na Novemba 2023 wakajiandikia kanuni za maadili, lakini anayeamua ni jaji mwenyewe anayelalamikiwa, na hakuna pa kukata rufaa. Kesi ya nyani hakimu ngedere. Wanajitetea kwamba hawana jaji wa akiba, mmoja akitoka wanabaki wanane na wanaweza kugongana 4 kwa 4. Ni hoja ya kweli, lakini ikigongana uamuzi wa mahakama ya chini unabaki na maisha yanaendelea.

Ningependa wale wanane wengine wapewe kura ya kuamua nani akae pembeni, kesi kwa kesi, na sababu ziandikwe. Si jambo gumu. William Rehnquist, jaji wa mahakama hiyo aliyeteuliwa na Nixon, alifanya yote mawili, kukaa na kujitoa, unaweza kuona tofauti kwa mtu mmoja. Mwaka 1972 ilikuja kesi ya jeshi kupeleleza raia, na yeye akiwa ofisa wa wizara ya sheria ya Nixon alikuwa ameshatoa ushahidi Seneti kuhusu mpango huohuo na kuigusia kesi yenyewe. Akakaa kwenye kesi, kura yake ikafanya 5 kwa 4 upande wa jeshi, na baada ya uamuzi walioshindwa wakamwomba ajitoe. Akakataa, akaandika kwamba jaji mwenye akili tupu isiyo na msimamo wowote ni dalili ya kutofaa na wala si dalili ya haki. Miaka miwili baadaye zikaja kanda za Nixon, bosi wake wa zamani. Safari hii hakukaa. Siku uamuzi unasomwa walikuwa wanane, Nixon akajiuzulu baada ya siku 16, na mpaka leo hakuna mtu wa chama chochote anayeweza kusema ile hukumu ilipikwa.